Bega la Mhimili

Vinyozi ndio walioniambia kwanza kwamba mkono wangu una kasoro. Wakati huo nilikuwa nachora mabango ya maduka, na ubao wa kinyozi haukamiliki bila vichwa vya wanaume walionyolewa vizuri, pamoja na shingo na mabega yao. Kinyozi mmoja alisimama nyuma yangu na brashi yake ya kupangusia nywele, akatazama, akainamisha kichwa upande kama kuku anayechunguza punje.

"Dada, hawa wateja wangu wamebeba nini?"

"Hawajabeba kitu."

"Basi mbona bega la kushoto limeshuka kwa wote? Mtu akipita hapa atadhani mimi sinyoi, navunja watu."

Nikarudi nyuma kidogo, nikaona kweli. Nikayanyanyua mabega yote kwa rangi, akaridhika. Ubao uliofuata, wa kinyozi mwingine, mtaa mwingine, yakashuka tena. Mkono hufuata ulichofundishwa, na wangu ulikuwa umefundishwa na mwalimu mmoja tu.

Sikwenda shule ya uchoraji. Nyumbani kwetu kulikuwa na rundo la majarida ya zamani ambalo baba alilisukumiza chini ya mguu wa kitanda ili kisiyumbe. Kila nilipochomoa moja kitanda kiliinama, nami nikagombezwa. Kurasa za mbele zilikuwa za shujaa mrukaji mwenye macho ya moto, ambaye hata leo watu wa rika langu wanamkumbuka. Mimi nilianzia nyuma, kwenye kurasa mbili za mwisho, kwa Mhimili.

Wanaomkumbuka Mhimili ni wachache, na siwalaumu wengine. Hakuruka. Hakupiga mtu. Uwezo wake ulikuwa mmoja: akiingiza bega chini ya kitu kinachoanguka, hakianguki. Ukuta, daraja, paa la soko, na mara moja, nadhani mchoraji alikuwa ameishiwa, mwezi. Alivaa barakoa na joho refu, na miguuni kandambili. Kwa nini kandambili, hakuna aliyeeleza. Katika toleo moja alikuwa na saa mkononi kwenye picha ya kwanza, kwenye ya pili hana, kwenye ya tatu imerudi. Msomaji mmoja aliandika kuuliza, na mhariri wa siku hizo akamjibu kwamba shujaa naye ana haja ya kujua wakati.

Hadithi yake ya mwisho ilikuwa ya ghorofa linaloporomoka. Mhimili anaingiza bega chini ya boriti, watu wanatoka mmoja mmoja, na wa mwisho kutoka ni msichana mdogo mwenye ndoo. Ukifunua ukurasa, ghorofa limeshalala chini na vumbi limetanda. Mhimili hayupo. Huoni hata mkono, hata pindo la joho. Pembeni imeandikwa "Mwisho". Nikiwa mtoto niligeuza jarida nyuma kumtafuta, nikakuta tangazo la sabuni.

Kwa hiyo kampuni moja ya vitabu vya katuni ilipotangaza kwamba inataka kumfufua Mhimili na inatafuta mchoraji, nilikwenda na majarida ya baba kwenye mfuko. Mhariri alikuwa kijana mpole ila mwenye haraka, aliyezungumza huku akitikisa goti. Aliniambia baadaye kwamba kati ya wote waliokuja, mimi peke yangu nilimjua Mhimili. Wengine walidhani ni kampuni ya ujenzi.

"Kitabu cha kwanza kinaanzia pale palipoishia," alinieleza. "Ghorofa limeanguka. Wanafukua, wanamkuta. Amelala chali, mikono kifuani, joho limemfunika. Yule msichana wa ndoo anakuja, analichukua joho. Yeye ndiye Mhimili mpya. Umeona?"

"Nimeona."

"Lakini lazima wasomaji wamwone amekufa, dada. Huyu asipokufa sawasawa, yule hawezi kuanza. Wale wa zamani wametuachia vumbi tu. Sijui mchoraji alichoka?"

Vijana wa kompyuta walikuwa wameshamuunda Mhimili wao. Alikuwa na kifua kama kabati, na mabega yamenyooka kama rula. Nikasema taratibu kwamba bega la kushoto la Mhimili huwa chini. Mhariri akasogeza jarida machoni, akafunua kurasa kadhaa.

"Kumbe. Hilo litakuwa kosa la mchoraji. Shujaa gani amepinda?"

Sikubishana. Baada ya yale ya vinyozi, hata mimi nilikuwa nimeshaamua kwamba ni kosa.

Kilichobaki ni ruhusa ya familia. Mchoraji mwenyewe alikuwa amefariki, hakuacha mke wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake, fundi wa vioo, ambaye mtaani kwao walimwita Mzee Vioo. Mhariri akaniomba tufuatane, kwa sababu, alisema, wazee wanapenda kuzungumza na mtu asiye na haraka.

Karakana ya Mzee Vioo ilikuwa sehemu ya mbele ya nyumba yake. Vioo vilikuwa vimeegemezwa ukutani kuanzia vikubwa hadi vidogo, hata ukiingia unaiona miguu yako ikikutangulia vipande vipande. Mzee alikuwa ameinama mezani, mgongo umekunjika kabisa, anakata kioo. Hakuinua uso, tukasubiri. Akapitisha kisu chake mara moja, bila kurudia, akagonga kwa chini na kifundo cha kidole, kioo kikaachana kwa sauti ndogo. Ndipo akasimama kutulaki, kwa kadiri mgongo ule ulivyomruhusu.

Bega lake la kushoto lilikuwa chini.

Halikuwa chini kwa ajili ya uzee. Mgongo ulikuwa na habari zake, na bega lilikuwa na zake. Lilishuka kama kitanda cha baba nilipochomoa jarida. Nikatazama miguuni. Kandambili, na ya kulia ugwe wake umefungwa kwa waya. Mhariri alikuwa ameshaanza kujitambulisha na kuitaja kampuni, nami nimesimama tu pale, maana mtu huyu nilikuwa nimemchora maisha yangu yote na leo ndiyo kwanza tunaonana.

"Binti vipi?" mzee akamwuliza mhariri. "Anaona kizunguzungu? Vioo huwafanya hivyo wageni."

"Mzee," nikasema, "Mhimili ni wewe."

Hakushangaa. Alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa mimi. Na malipo yangu yalikuwa chai."

"Na chai yenyewe niliipika mimi!" sauti ya mwanamke ikasema kutoka ndani.

"Huyo ni mke wangu," mzee akasema. "Akiwa jikoni husikia hata yanayosemwa mtaa wa pili."

Tukapewa viti. Mhariri akamweleza mpango wote, kwa heshima na kwa ufasaha, na mzee akasikiliza huku akitikisa kichwa kukubali. Ghorofa, sawa. Msichana wa ndoo, vizuri sana, alikuwa mtoto wa jirani yule, siku hizi ni bibi mwenye wajukuu. Mhariri alipofika pale pa kulala chali na mikono kifuani, kichwa cha mzee kikaacha kutikisika.

"Nani atalala?" akauliza.

"Samahani, mzee?"

"Huyo maiti. Nani atalala ili achorwe?"

"Hakuna mtu. Siku hizi mambo yote ni kompyuta. Tunaunda tu."

"Basi sikubali."

Goti la mhariri likatulia. Mzee alikuwa ameshika kile kipande cha kioo alichokikata, anapitisha kidole gumba pembeni mwake bila kujikata, kama watu wengine wanavyochezea funguo.

"Nitakubali kwa sharti moja," akasema. "Nilale mimi. Na huyu binti anichore kwa penseli, hapa uani kwangu, akiniona kwa macho. Vingine fanyeni mtakavyo. Mkitaka kumnyoosha, mnyoosheni. Mkitaka kumvisha viatu, mvisheni. Ila ukurasa huo nilimnyima mtu, na nataka apewe."

Mke wake alikuwa amefika mlangoni na vikombe. "Wewe ulale chali? Wewe?"

"Nitalala."

"Haya. Tuko hapahapa."

Mhariri akanitazama, nikaitikia kwa macho. "Ukurasa mmoja hautatuharibia kitu, mzee," akasema. Tulipotoka alicheka kidogo akasema mzee ana vituko. Tulipofika kwenye kona akasema, safari hii bila kucheka, "Lakini ni yeye kabisa, sivyo? Mpaka kandambili."

Nilirudi Jumamosi alasiri, peke yangu, kwa kuwa mzee alisema kaka yake alikuwa akija Jumamosi alasiri. Ua ulikuwa umefagiwa. Mkeka ulikuwa umetandikwa katikati, na juu ya stuli kulikuwa na shuka nyeupe iliyokunjwa vizuri. Mama wa nyumba alikaa kwenye ngazi ya jikoni anachambua mchele, na ilikuwa wazi kwamba haondoki pale.

Mzee hakuwa na haraka ya kulala. Alikaa juu ya mkeka akiwa amekumbatia magoti, akaanza kunieleza jinsi kazi ilivyokuwa ikifanyika, kama fundi anayemkabidhi mwenzake zana.

"Kaka yangu alikuwa na jambo moja ambalo halikujulikana na mtu. Hakuweza kuchora kitu asichokiona. Kichwani hakitoki. Ukimwambia chora mbuzi, anakwenda kutafuta mbuzi. Akikosa mbuzi, hadithi haina mbuzi."

"Kwa hiyo Mhimili..."

"Kila picha, mwanangu. Kila moja nilisimama. Mhimili anashika daraja, mimi niko chini ya ile meza ya vioo naisukuma kwa bega. Mhimili ananing'inia, mimi nimeshika boriti ya paa, mikono inawaka moto, namwuliza kaka, tayari? Ananijibu, bado kidogo. Bado kidogo yake ilikuwa kama ya fundi cherehani. Bado kidogo, na jua limezama."

"Na mwezi?"

"Sufuria kubwa ya harusi. Tuliazima."

"Mkairudisha imebonyea," mama akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Nikaenda kuomba radhi mimi."

"Na ile saa, mzee? Inayopotea na kurudi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Tulikuwa na saa moja mimi na mwenzangu wa karakana. Akija kuichukua, naivua. Akiirudisha, naivaa. Kaka alichora alichokiona. Hata kandambili, wala hakuzifikiria. Aliangalia miguu yangu akachora."

Kisha akashika bega lake la kushoto kwa mkono wa kulia, kama mtu anayemshika mtoto ili asikatize barabara.

"Hili nililiangukia nikiwa mdogo. Nilipanda paa kufuata mpira. Mfupa ukaungwa vibaya, ukabaki hivi. Watoto wakaniita Mizani Mbovu. Nilikuwa natembea nimeegemea ukuta ili lisionekane. Kaka yangu alipopewa kurasa mbili za nyuma kwenye lile jarida, alikuja hapa akaniambia, simama. Nikasimama. Akachora. Akanionyesha mtu amebeba ukuta. Akasema, wakikuuliza tena, waambie halikuvunjika, linabeba."

Mchele uliendelea kuchezacheza kwenye ungo.

"Hapo ungedhani nitamfanyia lolote," akasema.

Nilisubiri. Nimejifunza kwamba mtu aliyefika karibu na neno lake hapaswi kusukumwa.

"Jarida likafungwa. Wakaambiwa kila mtu amalize hadithi yake. Kaka akaja na shuka nyeupe. Akasema, leo kazi ni rahisi, unalala tu. Mama yetu alikuwa mgonjwa kwenye chumba kile, dirisha linatazama hapa. Nikamwambia, kaka, mama akichungulia akaniona nimefunikwa hivi, itakuwaje? Akasema ni muda mfupi. Nikamwambia, kwa ajili yako nimening'inia, nimeanguka, nimepigwa teke na punda, lakini maiti sikai. Angenielewa. Ningeishia hapo, angenielewa."

"Hukuishia hapo."

"Karakana ilikuwa imejaa. Wateja, mafundi wenzangu, wote wametega masikio, na mimi siku hizo nilipenda kuchekesha. Nikasema kwa sauti: kama kweli wewe ni mchoraji, si uchore kutoka kichwani kama wenzako? Au humo kichwani mna vumbi tu?"

"Wakacheka?"

"Walicheka sana."

Mama aliweka ungo chini.

"Akaikunja ile shuka," mzee akasema. "Pembe kwa pembe, taratibu. Akaniambia, sawa mdogo wangu. Akaondoka. Jarida lilipotoka nikalifunua palepale dukani. Nikakuta amechora vumbi."

Niliuona tena ule ukurasa, jinsi nilivyomtafuta Mhimili nyuma yake nikiwa mtoto. Nikafikiria kumwambia habari ya sabuni, nikaona haitasaidia kitu.

Baada ya hapo kaka yake hakuchora mtu tena. Alipata kazi ya kuchora ramani za viwanja. Kiwanja, mzee alisema, hakihitaji mtu wa kukisimamia ili kichorwe, unakwenda unakikuta kimelala. Na hawakuwa maadui. Walikutana kwenye harusi na misiba, wakaulizana hali, wakazungumza habari za mvua, magoti na paa linalovuja. Hilo moja hawakuligusa. Kila mzee alipotaka kufungua mdomo aliona uso wa kaka yake umeshakunjwa, pembe kwa pembe.

"Alipofariki nilimbeba. Niliwekwa mbele, jeneza kwenye bega la kushoto. Jeneza zima likainama kwangu. Watu wakanipigia kelele, nyanyua mzee, nyanyua! Ningenyanyua nini? Ndilo bega lilelile."

"Majuto ni mjukuu," mama akasema kwa upole.

"Wangu ameshaota ndevu," mzee akajibu, akaanza kujinyoosha juu ya mkeka.

Nilikuwa nimeshaandaa karatasi, nimechonga penseli. Alishusha kiwiko kimoja, kisha kingine, akaachia mwili uende chini. Haukwenda. Mgongo ulikuwa umeinamia meza ya vioo kwa miaka mingi, na sasa ulikuwa umeshika umbo lake. Makalio yalipogusa mkeka, kichwa kilibaki hewani, shingo inatetemeka, kama mtu anayejaribu kuona kitu nyuma ya miguu yake.

Mama akaleta mto. Kichwa hakikufika. Akaleta wa pili. Sasa kichwa kilipumzika, lakini kifua kilikuwa juu na kidevu kimeingia shingoni.

"Hapo hujafa," mama akasema. "Hapo unasubiri uji."

Tukacheka wote watatu, yeye zaidi yetu. Akaiondoa mito, akasema ajaribu kwa kukunja magoti. Akakunja. Mgongo ukashuka kidogo, magoti yakabaki yamesimama kama paa la kibanda.

"Niyashushe polepole," akasema.

Akayashusha. Nikaona uso wake ukibadilika rangi. Sauti ndogo ilimtoka, akaimeza, akaendelea kushusha, na kadiri miguu ilivyoshuka kichwa kilipanda, kama mti wa mizani. Mama akainuka pale ngazini.

"Basi, baba watoto. Mwaka wa ngapi huu hulali chali? Nilikuambia." Safari hii hakutania.

Alibaki hivyo kwa muda, ameinuka nusu, anahema, anatazama juu.

"Wakati ule nilikuwa nalala kama ubao," akasema. "Ungenitandika hata juu ya mawe."

Kisha akausemesha mgongo wake.

"Nilidhani kwa ajili yake utaniachia. Mara hii moja tu."

Nilitaka kusaidia. Nikasema, "Mzee, kaa tu utakavyoweza. Mimi nitachora ulivyo, kisha nitakunyoosha mwenyewe kwenye karatasi. Nakufahamu vya kutosha."

Akageuza uso, akanitazama.

"Kutoka kichwani?"

Nikasema hapana. Nikasema nitachora ninachokiona.

Basi akageuka upande, wa kushoto, akakunja magoti, akaweka kiganja chini ya shavu. Ndivyo alivyolala kila siku, mama alisema, tangu mgongo ulipokataa. Mama akaifunua ile shuka, akamfunika hadi kifuani, akaitengeneza mahali penye mikunjo. Mikono yake haikuwa na haraka.

"Niletee kioo," mzee akasema.

Mama akaleta kimoja kutoka karakana, kirefu, akakiegemeza kwenye stuli. Mzee akajitazama. Nami nikatazama kioo, nikaona alichokuwa anakiona. Bega la kushoto lilikuwa chini yake, limezama kwenye mkeka, halionekani. Lililokuwa juu ni la kulia, bega zima, la kawaida. Lile lililombebea mwezi lilikuwa limefichwa na uzito wake mwenyewe.

"Hapo si mimi," akasema. "Hapo ni mzee yeyote tu amelala."

Mama akainama, akaokota kandambili zake pale alipozivulia, akaziweka mbele ya mkeka, sambamba, ile yenye waya kwa nje ili waya uonekane.

"Sasa ni wewe," akasema, akarudi ngazini.

Nikaanza kuchora. Mimi huanza na mstari mrefu wa mwili, kisha uzito, mahali mwili unapogusa chini, halafu ndipo nguo. Uso huuacha mwisho. Mzee alifumba macho. Nje, mtaani, mtu alikuwa anatembeza mali yake kwa kelele, akapita. Mstari wa mgongo wake ulinisumbua kwa sababu haukuwa mstari wa shujaa, ulikuwa wa mtu aliyeinamia kazi. Nikauchora ulivyo. Nilipofika kwenye bega nilijikuta nasubiri lishuke lenyewe, kama kwenye mabango ya vinyozi. Halikushuka. Kwa mara ya kwanza mkono wangu ulichora bega lililo sawa bila kusahihishwa, na sikufurahi.

Mhariri alipoiona picha hiyo aliuliza mbona hakulala chali kama tulivyokubaliana. Nikamwambia ndivyo alivyoangukia. Aliitazama sana, goti limetulia, akaiacha kama ilivyo, na kandambili zake. Kitabu sasa kimetoka. Msichana wa ndoo anasimama ukurasa unaofuata, mabega yamenyooka kama rula, na watoto wanampenda. Wasomaji wachache wameandika kuuliza yule mzee wa mwanzo ataamka lini, na hawajajibiwa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Alasiri ile, kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika kwenye ukingo wa mkeka nilipochora waya wa kandambili, nikauangalia ukurasa wote, nikaona hakuna mstari wa kuongeza. Ulikuwa umekamilika.

Mzee alikuwa bado amefumba macho. Hakuwa usingizini. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita kwenye pindo la shuka, kama kilivyopita kwenye ukingo wa kioo.

"Tayari?" akauliza.

Nilimtazama mama. Kutoka ngazini aliiona karatasi yote. Aliona kwamba nimemaliza. Alichukua ungo wake akauweka mapajani, na mchele ulikuwa umeshachambuliwa wote.

"Bado kidogo," nikasema.

Shuka ilitikisika mara moja kifuani, ikatulia.

"Haya," akasema. "Leo sina haraka."

Nikaishusha penseli pembeni mwa karatasi, mahali patupu, nikaendelea kukwaruza huko taratibu, ili asikie.